Sisi Ndio Nani

Siku Fundi alipoambiwa kwamba kazi yake si yake, alikuwa amelala chali chini ya kiti cha Mlezi, msimamizi wa Ukumbi, anakaza skrubu. Wala hakikuwa kiti cha kwanza. Tangu ahamie pale Ukumbini miezi saba nyuma alikuwa ameshatengeneza viti ishirini na ushee, vile vya magurudumu, kwa sababu yeye ni fundi makochi, na jicho la fundi makochi haliwezi kuona sponji limechungulia likapita tu. Hakuna aliyemlipa, naye hakudai. Pale walisema huko ndiko kushirikiana.

"Fundi," Mlezi akasema kutoka juu, "barua ya hospitali imekuja. Wanataka arobaini."

Fundi akachomoa kichwa. "Arobaini? Mbeleko arobaini?"

"Arobaini za kuanzia. Tumeipa jina la kitaalamu zaidi, lakini ni hiyo hiyo. Hongera kwetu sote."

"Jamani! Tunashukuru sana." Akafuta mikono kwenye suruali ili ampe mkono. "Sasa mkataba nasaini lini?"

Mlezi akacheka kwa upole. Na alikuwa mpole kweli, si mpole wa kuigiza. Ni mtu aliyekuwa akiwaletea watu keki siku zao za kuzaliwa. "Mkataba unasainiwa na Ukumbi, Fundi wangu. Hii ni kazi ya Ukumbi. Wewe tutakupa ushonaji, utalipwa kwa kila kipande. Na jina lako tutaliweka kwenye shukrani."

"Kwenye shukrani?"

"Ukurasa wa mwisho."

Fundi akasimama, bisibisi mkononi. Alidhani anataniwa, kwa hiyo akacheka kidogo ili asionekane mshamba asiyejua utani. Mlezi hakucheka naye. Akageuza kompyuta yake, akabonyeza, na Fundi akajiona kwenye kioo, amesimama katikati ya duara la watu, amevaa shati lake lililopigwa pasi.

"Tumetengeneza kitu kidogo tu cha kumgeuzia mgonjwa," yule Fundi wa kwenye kioo alikuwa anasema, macho chini. "Tulianza na pazia, likachanika. Tukahamia turubai. Tukaweka mikanda minne, tukaona inafinya, tukaweka minane. Hapa tulipofika, tunashukuru."

Watu wa kwenye duara wakapiga makofi. Mlezi akasimamisha picha.

"Nimehesabu," akasema. "'Tu' kumi na nne dakika nzima ile. 'Ni' hakuna hata moja."

"Lakini, Mlezi, hiyo ni adabu tu!"

"Adabu?" Mlezi akauliza kwa mshangao wa kweli.

*

Hebu niwaulize nyinyi mnaosoma. Ukimkuta mtu anaishi peke yake, chumba kimoja, hana mke hana paka, ukamwambia hujambo, anajibuje? Anasema "hatujambo." Ukimuuliza maisha, anasema "tunasukuma tu." Ukibisha hodi, anasema "karibu kwetu." Hao wengine wako wapi? Hawapo. Ndivyo tulivyolelewa: mtu anayesema "mimi, mimi" mbele za watu ni mtu aliyekosa wa kumfunza. Fundi alifunzwa na mama yake, tena kwa kofi. Leo adabu aliyopigiwa makofi utotoni inamnyang'anya kazi ya mikono yake. Mimi mtu akiniambia hiyo ni haki, nitamwomba aniambie tena polepole.

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la magodoro. Wakaupaka rangi nyeupe, wakaweka meza ndefu, intaneti, mashine ya kahawa na chumba cha mikutano cha vioo. Nyuma wakafungua karakana yenye mashine ya kukunja bomba na ya kutoboa chuma. Ukutani wakaandika kwa herufi kubwa: WAZO MOJA, MIKONO MINGI. Mwenye wazo anapewa nafasi mezani, anakaa na wenye mawazo wenzake, na kila Alhamisi saa nne asubuhi wote wanasimama duara, kila mmoja aeleze amefikia wapi. Kamera inarekodi. Nisiwe mnafiki: mema yalitoka pale. Bwana mmoja mwenye mvi, wote wanamwita Betri, alikuwa anakusanya betri za simu zilizotupwa na kuzifanya taa, na taa zake zinawaka. Huyo Betri ndiye aliyempa Fundi gurudumu la meno la baiskeli mbovu, siku mpini wa mbeleko ulipokuwa unarudi nyuma kila ukiuachia. "Tia meno, haurudi," akasema, na kweli haukurudi. Fundi alimshukuru siku tatu mfululizo.

Ili kuingia pale unalipa ada. Fundi hakuwa na ada, akaambiwa anaweza kuingiza kifaa kama mchango. Akaingiza cherehani yake, ile kubwa ya kushonea ngozi, ikabandikwa namba na kuwa kifaa cha pamoja. Kibanda chake cha barabarani akakirudisha kwa mwenyewe. Mtu hakai kwenye viti viwili, alisema, na yeye alikwisha kuchagua cha kukaa.

Na akasaini fomu. Kifungu cha tisa kilisema hivi: kazi ya mtu mmoja ni mali ya mtu huyo, kazi iliyofanywa kwa kushirikiana ndani ya Ukumbi ni mali ya Ukumbi. Alikisoma. Alikiona kizuri, tena cha haki.

*

Nyumbani mama yake alikuwa amelala ubavu wa kushoto tangu asubuhi, kwa sababu ubavu wa kulia kidonda kilikuwa kimefumuka tena. Mwaka wa pili huu tangu kiharusi kimchukue kuanzia kiunoni kwenda chini. Ulimi kilimwachia, na ulimi ule ulikuwa unafanya kazi ya mwili mzima.

"Mbeleko yangu inarudi lini?" akauliza mara Fundi alipoingia. "Uliniambia wiki moja. Mimi miguu ndiyo imekufa, hesabu bado ninazo. Leo siku ya ishirini na sita."

"Bado inaonyeshwa hospitali, mama."

"Waambie na mimi ni mgonjwa, waje wanionyeshe."

Mkewe alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni. Mwanamke mwembamba, mikono yenye nguvu kuliko umbo lake, na viganja vilivyochubuka kwa maji ya dawa. Watoto wao wawili wanasoma bweni. Nyumba ni hao watatu. Alimtazama mumewe usoni mara moja tu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Fundi. Uso wako hauna mlango, kila kitu kinaonekana. Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza akiwa amesimama karibu na dirisha, na alipofika pale pa ukurasa wa mwisho akageukia nje. Mkewe aliacha kukamua, maji yakawa yanachuruzika sakafuni.

Sasa nieleze hiyo mbeleko ilivyozaliwa, maana bila hilo hakuna la kuelewa hapa. Siku moja mchana mke wa Fundi alikuwa amembeba mtoto wa jirani mgongoni, kwa mbeleko kama kina mama wote, huku anajaribu kumgeuza mama mkwe wake peke yake. Anavuta bega, kiuno kinabaki. Anavuta kiuno, ngozi inaburuzika kwenye shuka na kidonda kinapiga kelele. Akasimama, akashika mgongo wake mwenyewe, akasikia mtoto amelala vizuri wala hafinywi popote. Akasema peke yake: mama naye angekuwa na mbeleko chini yake, ningemgeuza kwa mkono mmoja. Jioni ile ile alikata pazia la sebuleni. Mumewe alirudi kutoka kazini akakuta dirisha liko uchi, akataka kufoka, akaonyeshwa, akanyamaza.

Turubai aliliona yeye Fundi. Bomba linalozunguka ubavuni mwa kitanda, na mpini wake, ni Fundi. Lakini mikanda ni mkewe. Alilala yeye mwenyewe juu ya lile turubai, kwa kuwa mwili wake ulikuwa sawa na wa mama, akamwambia mumewe azungushe, na kila akizungusha yeye anasema, hapa panafinya, hapa panakata, ongeza mkanda kwenye nyonga, mikanda mipana, si hiyo. Siku nne walifanya vile. Alitoka na michirizi mapajani. Mama mkwe akiwatazama toka kitandani aliwaambia, "Mnageuzana kama nguo za kuanikwa, sijui mwenye kiharusi ni nani humu." Walicheka siku ile mpaka wakakaa chini. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya mwisho nyumba ile kucheka hivyo.

Kwa hiyo Fundi aliposema "tumetengeneza" mbele ya kamera, haikuwa adabu peke yake. Ilikuwa kweli vilevile. Ila yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo.

"Kuna kamati," akamwambia mkewe. "Nikitaka nipinge. Jumatano. Wameajiri wakili wa kuamua, si mtu wa Ukumbi."

"Pinga," mkewe akasema. "Unangoja nini?"

*

Kesho yake Betri alimvuta pembeni, nyuma ya mashine ya kahawa, akawa anaongea kama mtu anayeuza dhahabu ya wizi.

"Nisikilize, bwana mkubwa. Nimekaa hapa miaka mitatu, kifungu cha tisa nakijua kama kiganja changu. Kinasema kazi ya nani? Ya mtu mmoja. Mmoja! Wakikuuliza, wewe useme ni wewe peke yako. Usitaje mtu. Usinitaje hata mimi na gurudumu langu la baiskeli, mimi sidai. Ukitaja wawili tu, umekwisha. Watasema, aha, kumbe ni ushirikiano."

"Lakini kuna mke wangu..."

"Mkeo hata kidogo. Utamtaja siku ya kula hela."

Fundi aliliona lina akili. Na mimi siwezi kumlaumu Betri, alisema kwa moyo mweupe. Hakusoma lile neno moja la katikati ya kifungu, "ndani ya Ukumbi," au alilisoma na halikumwambia kitu. Tuko wengi.

Jumanne jioni, wakati wa kula, Fundi akalileta hilo mezani. Alilizunguka, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya turubai, mwishowe mkewe akamwambia ateme.

"Kesho nitasema ni mimi peke yangu. Ya mdomo tu. Tukishapata, mimi na wewe tunajua."

Mkewe akatafuna, akameza. "Sema."

"Hujakasirika?"

"Jina haliliwi, Fundi. Mimi nataka mama apate mbeleko yake na wewe upate kazi yako. Sema unavyotaka." Kisha akaongeza, "Lakini nitakuja. Niwe shahidi kwamba ilikuwa nyumbani kabla hujaenda huko."

Kutoka chumba cha pili mama akasema kwa sauti, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi!"

"Mama, lala!"

"Nimelala miaka miwili, niache niseme."

*

Kamati ilikaa kwenye kile chumba cha vioo, kwa hiyo kila mtu wa meza ndefu aliona, ingawa hawakusikia. Ndani walikuwa Mlezi, vijana wawili waliochora ile mbeleko kwenye kompyuta, na wakili, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoshuka puani. Mbeleko yenyewe ilitandazwa juu ya meza. Mke wa Fundi alipoiona alinyoosha mkono aiguse, kijana mmoja akamwambia, "Samahani mama, tusiguse mfano." Akaurudisha mkono mapajani. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusini na viatu vya kuazima kwa jirani, yule yule aliyebaki na mgonjwa.

Wakili aliweka rekodi, wote wakasikiliza zile "tu" kumi na nne. Kisha akavua miwani.

"Fundi, swali langu ni jepesi. Hapa unasema sisi. Sisi ndio nani?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Ile ni namna ya kusema tu. Kwetu... kwangu ndivyo tunavyosema."

Kijana mmoja akaficha tabasamu.

"Na kabla hujaja Ukumbini ilikuwepo?"

"Ilikuwepo nyumbani. Mke wangu huyu hapa shahidi."

"Mkeo alishiriki kuitengeneza?"

Hapo ndipo. Fundi akageuza macho. Alimwona Betri kwa nje, nyuma ya kioo, anainua kidole kimoja: mmoja. Angesema "hapana" tu ingetosha. Walikubaliana hapana. Lakini mtu anayesema uongo hapumziki mpaka aujengee nyumba.

"Huyu? Hapana, huyu ni mtu wa nyumbani tu," akasema, akacheka. "Mambo ya mashine hayajui. Yeye alikuwa ananiletea chai."

Mlezi akacheka. "Hata wangu ni hivyo hivyo." Vijana nao wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu waliochoka kukaa kimya. Fundi akacheka pamoja nao. Mkewe aliyatazama yale meno yake yote, akayatazama moja moja.

Wakili hakucheka. Akamgeukia. "Ni kweli, mama?"

"Ni kweli," akajibu mke wa Fundi. "Mimi naleta chai."

Wakili akaandika. Kisha akainuka, akapita vidole vyake kwenye mikanda ya mbeleko, mmoja mmoja, mpaka wa nane.

"Nani aliamua iwe minane?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Minne ilikuwa inafinya kwenye nyonga."

"Ulijuaje?"

Fundi akafungua mdomo. Yeye ni mtu wa kilo mia na ushee, na turubai lile lilikatwa kwa kipimo cha mama. Hata mtoto angeona kwamba hakulala humo.

"Nili... niliambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

Mkewe alikuwa amekaa karibu naye kiasi kwamba viwiko vyao viligusana. Hakugeuka. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Na watu," Fundi akasema.

"Watu gani, Fundi?"

"Watu tu, mheshimiwa."

"Watu wa hapa?"

Fundi akatazama mlango, akatazama kidole cha Betri, na akainamisha kichwa. Wakili alimngojea. Alimngojea muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka Mlezi akakohoa. Kisha akavaa miwani na kuandika.

Uamuzi ulichukua nusu saa. Mlezi ndiye aliyeusoma, na alisoma akiona haya: kwa kuwa mwanachama alisema hadharani kwamba kazi ilifanywa na wengi, na kwa kuwa sasa amekiri kupokea ushauri wa watu huku akikana kuwepo kwa mshirika yeyote wa nje, basi hao watu hawawezi kuwa wengine ila wanachama wenzake waliokuwa naye. Kazi ni ya Ukumbi. Mfano unabaki Ukumbini. Cherehani inabaki, kwa mujibu wa mchango. Fundi anakaribishwa kushona, akipenda, na Ukumbi unajivunia kuwa na mtu kama yeye. Vijana wakapiga makofi mawili matatu, wakaona hawafuatwi, wakaacha.

*

Mkewe alitoka kwanza, akaenda kusubiri getini. Fundi alikuwa bado kwenye korido anatafuta kofia yake ambayo alikuwa ameishika, wakili alipompita na faili kwapani, akasita, akarudi hatua mbili.

"Baba, nilikuuliza mara tatu."

"Uliniuliza nini?"

"Aliyekuambia mikanda inafinya ni mkeo. Uongo?"

Fundi akatazama chini, akaiona kofia mkononi mwake.

"Niliona alivyotaka kuishika ile mbeleko. Mtu hashiki hivyo kitu cha mwingine." Akapunguza sauti. "Mkeo si mwanachama. Hakuja hapa, hakusaini fomu yoyote. Ungesema sisi ni mimi na mke wangu, Ukumbi ungekosa pa kushika. Hiyo ni kazi ya nyumbani kwenu, imekwisha. Ningeandika mistari miwili na nikaenda zangu."

Fundi akageukia mlango wa kioo. "Turudi ndani," akasema. "Niseme sasa hivi. Yupo pale getini, nimwite."

"Umeshasema. Naye ameshasema. Imeandikwa na imesainiwa." Yule wakili alionekana kuumia kweli, na hilo nalo halikusaidia chochote. "Pole sana, baba."

Akaondoka, visigino vyake vikigonga sakafu. Betri akaja mbio toka upande wa karakana, "Vipi, vipi, umesema mmoja?" Fundi akampita kama anapita nguzo.

*

Walitembea kwa miguu mpaka nyumbani. Jua lilikuwa bado liko juu, watu wanauza na kununua, mtu mmoja akamsalimia, "Fundi, mnaendeleaje?" naye akajikuta hajui ajibu nini. Viatu vya kuazima vilikuwa vinamuuma mkewe. Alivivua akavishika mkononi, akatembea mbele peku.

Jirani aliwapokea mlangoni na uso wa habari mbaya. Alijaribu kumgeuza mgonjwa peke yake, shuka likavutika, na kidonda kimevuja. Mke wa Fundi akampa viatu, akamshukuru, akaingia chumbani na gauni lake hilo hilo la kwendea harusini, akapiga magoti. Alifungua bandeji. Harufu ikajaa chumba. Kile kidonda kilichokuwa kimepungua hadi ukubwa wa kifungo mwezi uliopita, sasa kilitosha kiganja cha mtoto.

"Wamesemaje?" mama akauliza, uso ukutani.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Tumeshindwa, mama."

"Sema nimeshindwa," mkewe akasema, bila kugeuka. "Mimi sikuwemo. Mimi nilikuwa naleta chai."

"Tulikubaliana..."

"Tulikubaliana useme ni wewe. Hatukukubaliana ucheke." Alikuwa anaosha kidonda kwa mkono usiotetemeka. "Nilikuwa nimekaa pale na michirizi ya mikanda yenu mapajani mwangu, Fundi. Mpaka leo ipo. Na wewe ukacheka nao."

Hapo angenyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, aombe radhi, aende kuchota maji. Lakini lile neno la wakili lilikuwa linamlemea tangu kule korido, na yeye hakuwahi katika maisha yake kubeba kitu kizito bila kumwita huyu mwanamke ashike upande wa pili. Akasema. Alisema yote, kwamba wangepata, kwamba ilihitajika kweli tupu, kwamba jina lake yeye mkewe ndilo lingewaokoa, kwa kuwa hakusaini, kwa kuwa alikuwa mtu wa nyumbani tu.

Mkewe aliacha kuosha. Alikaa juu ya visigino vyake, kitambaa kinamdondokea kwenye gauni.

"Kwa hiyo ungesema kweli tu."

"Ndiyo."

"Na mimi nilipoulizwa, ningesema kweli tu."

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria. Aliliona sasa, limechelewa, na alitamani aurudishe ulimi wake mdomoni.

"Mimi nilikulinda," akasema mkewe polepole. "Nilimeza lile neno lako kwa ajili yako. Kumbe ndilo nililommalizia mama." Akaanza kulia, kilio cha chini chini, kibaya, cha mtu asiyetaka kusikiwa na mgonjwa. "Hilo ungebaki nalo, Fundi. La kushindwa ningelizoea. Hilo ungebaki nalo mwenyewe."

"Nisamehe, mke wangu."

"Usiniite hivyo."

Mama alikuwa amesikia yote, angekwenda wapi? Alibaki anaangalia ukuta, chozi linamwingilia sikioni asilifute. Kisha akasema tu, kwa sauti ndogo, "Nigeuzeni, wanangu. Ubavu huu umekufa ganzi."

Fundi akasogea, akashika mabega. Mkewe akajifuta uso kwa kiwiko, akazunguka upande wa pili, akaingiza mikono chini ya nyonga.

"Moja," Fundi akahesabu. "Mbili."

Akangoja mkewe amalizie, kama watu wawili wanaoinua kitu kimoja wanavyofanya. Mkewe hakusema. Fundi akavuta, mkewe akavuta baadaye, na mama akapiga kelele.

"Pole, mama," Fundi akasema.

Mkewe hakutoa mikono. Alingoja na kichwa chini mpaka Fundi alipoanza kuhesabu tena, peke yake.